Themanini na Moja

Akisimama Shimo la Mungu, mama
aliweza kukuonyesha Ruvuma kule chini
na kuhesabu moshi wa mashamba ya ng'ambo,
mmoja, wa pili, wa tano.
Lakini tundu la sindano
lilikwisha kumhama.
Mikono yangu imekuwa mifupi, alisema,
karatasi haifiki pale inapostahili kukaa.

Nyumbani tulikuwa na bilauri moja ya kioo.
Vingine vyote vikombe vya bati, plastiki za rangi rangi.
Ilikaa kabatini juu ya kitambaa alichokidarizi
enzi sindano bado inamtii,
ikitoka kwa mgeni wa heshima tu,
na, msimu wa korosho, kwa kusomea.

Maana aligundua mwenyewe, bila kufundishwa:
jaza maji, bandika karatasi nyuma, iguse kioo,
herufi zinanenepa kama kunde zilizolala majini.
Maji ya Newala, hayo,
ya kununua kwa ndoo na kusubiri siku mbili!
Hanywi, anayasomea.
Akimaliza anayarudisha mtungini
na tone la mwisho analikung'uta.

Mwaka ule stakabadhi ilipokuja
meza ilikuwa imejaa korosho za kubangua.
Akaiegemeza karatasi ukutani,
glasi ikabaki huku, shubiri nzima kati yao.
Akainama.
Akakaa kimya muda ambao uji ulipata kuungua.
Kumi na nane.
Kilo kumi na nane! Na gunia nililisukuma kwa baiskeli,
mimi mwenyewe, mpaka chamani!

Akajifunga kanga ya pili kiunoni.
Mbele ya mizani, foleni nzima ikisikia,
alimwambia karani Chingwile maneno
ambayo sitayaandika, hata leo nikiwa mtu mzima.
Chingwile akaitazama karatasi, akaigeuza,
akatazama na mgongo wake pia.
"Bi Somoe, hapa pana themanini na moja."
Wakacheka wale wa mbele.
Wale wa nyuma wakatoa stakabadhi zao mifukoni,
wakazipeleka mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha.
Mama akanisukumia mimi, darasa la nne.
Sikutaka.
Nikasoma: themanini na moja.

Usiku nilijaza bilauri.
Karatasi ikigusa kioo, 81, nene, mnyofu.
Nikaivuta nyuma polepole.
Tarakimu zikavimba, zikayeyuka,
kisha zikapishana mle majini
kama watu wawili kwenye mlango mwembamba:
nane ikaenda kulia, moja ikaja kushoto.
Moja ya Chingwile ni fimbo tu, haina pua,
na nane ni nane popote ugeukapo.
Ingekuwa sabini na tatu, maji yangejisaliti.
Nilimwita mama aone.
Aliona. Akasema, kalale.

Fedha za kwanza zilikwenda Ndanda, kwa daktari wa macho
mwenye kisanduku cha vioo vidogo vya mviringo.
Hiki? Au hiki? Sasa hivi?
Akarudi na mbili na nusu, fremu ya kahawia
iliyomkaa puani kama ndege asiyeamini tawi.
Nilidhani ataitafuta stakabadhi.
Alifungua kabati.
Akaigeuza bilauri mwangani: ufa, mwembamba kama unywele,
na alama za vidole vyangu, vyote vitano.
"Miaka yote hii," akasema, "wageni wangu
wananywea hii?"

Kesho yake aliisugua kwa majivu,
akaijaza maji ya mabibo, akaifunika kwa kisahani
na kuibeba mwenyewe mpaka chamani.
Foleni ikampisha.
Hakusema samahani, sikumsikia akisema.
Chingwile alikunywa yote.
Kisha akaiinua glasi tupu,
akamtazama mama kupitia kitako chake, muda mrefu,
na hakutuambia aliona nini.

Mama akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanga,
akanyoosha mkono.
"Nipe glasi yangu.
Ni moja tu."